Hadia ya Mikono kwa Mtoto Mchanga

Haijuzu, kwa desturi zetu za pwani na za bara, kumwendea mzazi mikono mitupu. Jirani huja na kuku, shangazi huja na doti ya kanga, wifi huja na mchele na unga wa uji, na rafiki aliyezuiliwa na kazi hutuma fedha kwa simu, ili siku zile arubaini zipite kwa wasaa na mama asitaabike kwa jambo lililo katika uwezo wa jamaa zake. Ada hii ni njema, nami sina neno nayo. Neno langu ni juu ya sehemu moja tu ya ada hiyo, ambayo katika miaka ya karibu imeanza kupotoka, nayo ni ile hadia anayopewa mtoto mwenyewe. Kwani imekuwa, hasa mijini, hadia ya kutazamwa na watu zaidi kuliko ya kumfaa mtoto, na aghalabu kadiri karatasi ya kufungia inavyong'aa ndivyo kilichomo ndani kinavyokosa kazi. Rai yangu, ambayo nataka kuieleza kwa utaratibu, ni kwamba hadia iliyo bora kwa mtoto mchanga ni blanketi lililofumwa kwa mkono, tena blanketi sahali lisilo na madoido, lililofumwa kwa uzi mwema na kwa subira ya mtu ampendaye mzazi. Na kwamba ufundi wa kulifuma wastahili kufunzwa upya majumbani na shuleni, kabla wanaoujua hawajatutoka.

Tuanze na mtoto, maana yeye ndiye mwenye haki. Azaliwapo hutoka mahali penye joto lisilobadilika akaingia katika hewa inayomnyang'anya joto kwa kila upande: maji ya uzazi yakaukapo mwilini humpoza, ngozi yake ni nyembamba, mafuta yake ni haba, na kichwa chake, ambacho ni kikubwa kwa kulinganishwa na kiwiliwili, hupoteza joto jingi. Joto lake la afya ni kati ya digrii 36.5 na 37.5 za Selsiasi, na likishuka chini ya hapo hulegea, hunyonya kwa uvivu, na akiwa njiti au mwenye uzito mdogo huingia katika hatari ya maisha. Kwa ajili hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto akaushwe mara azaliwapo, alazwe kifuani pa mama ngozi kwa ngozi, asioshwe mpaka zipite saa 24, kisha avikwe tabaka moja au mbili zaidi ya nguo anazozihitaji mtu mzima katika hewa hiyo hiyo. Hakuna blanketi liwezalo kuwa badala ya kifua cha mama, wala sidai hivyo. Lakini mama naye huinuka, huoga, hula, hupanda gari kwenda kliniki, na katika saa hizo zote mtoto yahitaji asitirike.

Wako wadhanio kwamba maneno ya baridi ni ya Ulaya, na kwamba nchi zetu ni za jua tupu. Mtu huyo naende Makete au Njombe mwezi wa Juni na Julai, ambako alfajiri nyingine umande huganda juu ya majani. Ama na apande Lushoto, au akae Limuru na Nyandarua wakati ukungu unaposhinda mchana kutwa bila ya kuondoka, halafu amtazame mama aliyemfunga mtoto wa wiki mbili mgongoni kwa mbeleko ya kanga peke yake. Hata sisi wa Tanga, Mombasa na Unguja, tuliozoea kulalamikia joto, twajua jinsi upepo wa kusi unavyopenya dirishani usiku wa kipupwe, baada ya mvua za masika kuacha ardhi imelowa. Baridi yetu si ya theluji, lakini mtoto mchanga haihitaji theluji apate kudhurika.

Sasa tuliangalie blanketi lenyewe, kwa sababu hoja yangu imo ndani ya ufumaji wake. Kazi yote ya sindano mbili, toka soksi ya mtoto hata shali ya bibi arusi, imejengwa juu ya vitanzi vya namna mbili tu: kitanzi cha mbele, ambacho uzi wake hukaa nyuma ya sindano nacho kikatokea laini upande unaokukabili, na kitanzi cha nyuma, ambacho uzi wake huletwa mbele nacho kikaacha tuta dogo. Wala hivi si vitu viwili mbalimbali, kwa kuwa kitanzi kilicho laini upande huu ni tuta upande wa pili. Mtu akifuma safu moja vya mbele vitupu na safu ya pili vya nyuma vitupu, atapata kitambaa kile cha sweta za shule, ambacho ni chema kwa vazi lakini kwa blanketi kina ila, maana kingo zake hujikunja hata ukizinyosha kwa pasi, na upande wake wa ndani hauna sura ya upande wa nje. Lakini akivichanganya vitanzi hivyo kwa hesabu iliyo sawa, mvuto wa hivi husawazishwa na mvuto wa vile, kitambaa kikalala bapa, pande zake mbili zikafanana, na juu yake pakatokea miinuko na mabonde ambayo jicho huyaona na kidole huyahisi. Mabonde hayo si pambo tu, kwa sababu blanketi halina joto la kwake lenyewe; kazi yake ni kulizuia joto la mwili wa mtoto lisitoke, na kinachozuia zaidi kuliko uzi ni hewa iliyotulia ndani ya mabonde na vitanzi. Ndipo nikasema kwamba katika kazi hii urahisi si upungufu: yale yale yanayolifanya blanketi liwe jepesi kufumwa ndiyo yanayolifanya liwe zuri na liwe na joto.

Mfano niupendao kuliko yote ni ule wa vyumba vya mraba vinavyopishana mfano wa jamvi lililosukwa. Mfumaji achukue sindano za milimita 4 na uzi wa unene wa kadiri, ule ambao vitanzi vyake 22 hufanya upana wa sentimita 10. Aanzishe vitanzi 177, afume safu 10 za vitanzi vya mbele vitupu, kwenda na kurudi, ziwe pindo la chini. Kisha katika kila safu vitanzi 6 vya mwanzo na 6 vya mwisho avifume vya mbele daima, viwe pindo la ubavuni, na vile 165 vilivyobaki katikati avigawe vyumba 33 vya vitanzi vitano vitano, chumba laini kikifuatiwa na chumba chenye matuta. Safu ya kurudi haina hesabu mpya ya kushika moyoni. Atazame tu kitanzi kinachomkabili, kikiwa laini akifume cha mbele, kikiwa na tuta akifume cha nyuma. Zikitimia safu sita abadilishe, palipokuwa laini pawe na matuta na penye matuta pawe laini, na aendelee hivyo hivyo mpaka urefu ukaribie kulingana na upana, ambao utakuwa kiasi cha sentimita 80. Hapo afume safu 10 nyingine za pindo, na vitanzi vya mwisho avifunge kwa ulegevu ili ukingo usivutike. Kazi nzima ni kama vitanzi elfu arubaini, na mwenye kujua vitanzi viwili tu aweza kuimaliza.

Nilipata kumwona Lushoto bibi mmoja, ambaye macho yake yalikwisha kupungua nuru, akimfunza mjukuu wake kazi hii barazani. Mtoto alikuwa akiukaza uzi kidoleni kwa hofu ya kuponyokwa na vitanzi, hata sindano ikawa haipenyi. Bibi hakumnyang'anya kazi, alipitisha kidole gumba juu ya safu, akakitambua kwa kugusa tu chumba kilichokosewa, akamwambia, "Mjukuu wangu, uzi haukukimbii. Uachie nafasi, nao utakufuata." "Naam, bibi," akaitika mtoto, akafumua safu moja, akaanza tena, na mara hii sindano ikapita. Nilijifunza hapo faida ya ufundi huu ambayo haimo katika kazi nyingi, kwamba makosa yake hayaharibu mali: fundi aliyekata kitambaa vibaya amekipoteza, bali mfumaji aliyekosea huvuta uzi wake, akarejea palipo sawa, na uzi ukabaki ni ule ule.

Juu ya uzi, inafaa mtu achague kwa kufikiri atakayefua, wala si kwa kufikiri atakayesifu. Sufu ya kondoo ina joto jingi, lakini ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa hushikamana ikasinyaa, na mama wa mtoto mchanga hana faragha ya kufua kitu kimoja kwa maji ya vuguvugu na kukikamua kwa taratibu. Uzi wa kiwandani uitwao akriliki hufulika kwa sahali na bei yake ni nafuu, ila usipigwe pasi ya moto, kwani huregea na umbo lake halirudi. Uzi wa pamba ni mzito kidogo na hukawia kukauka, lakini hunyonya jasho na hauwashi, nao ndio ninaowashauri watu wa pwani. Mwenye fedha haba asivunjike moyo, maana katika marobota ya mitumba mna sweta nyingi za uzi mwema zilizochakaa mikono tu; atafute ile ambayo vipande vyake vilifumwa kwa umbo lake na kuunganishwa kwa mshono mwepesi, aiache ile iliyokatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine pembeni, kwa sababu hiyo itamtolea vipande vifupi vifupi. Aifumue, auzungushe uzi katika mgongo wa kiti, aufue, autundike na kitu kizito kidogo chini yake mpaka mawimbi yanyoke. Ama sindano, wako mabinti wengi wa bara waliojifunza kwa spoku za baiskeli, na kwa uzi huu mnene kidogo zafaa zaidi fito za mianzi zilizochongwa na kusuguliwa kwa msasa hata zisiwe na kibanzi.

Kuna mambo ambayo upendo peke yake hautoshi kuyajua, nayo ni ya usalama. Blanketi la mtoto mchanga lisiwe na matundu ya pambo, kwa kuwa vidole vyake ni vidogo navyo hupenya. Lisiwe na nyuzi zilizoachwa zikining'inia, maana uzi mmoja ukijiviringisha katika kidole cha mguu waweza kuikata damu bila ya mama kujua sababu ya kilio. Lisiwe na vifungo, shanga wala utepe. Kila mkia wa uzi uachwe urefu wa sentimita 15 na kupitishwa ndani ya vitanzi kwa sindano butu, kwenda na kurudi, ndipo ukatwe. Tena mtoto aliyelazwa peke yake asifunikwe kwa blanketi lililolegea. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri matandiko laini na yaliyolegea yasiwekwe alalapo mtoto katika mwaka wake wa kwanza, kwa hofu ya kuzibwa pumzi. Mahali pa blanketi hili ni mikononi mwa ampakataye, ni juu ya mbeleko wakati wa baridi na uso ukiwa wazi, ni sakafuni juu ya mkeka mtoto anapoanza kuinua shingo huku mtu akimwangalia.

Wala mtu asiseme kwamba ninawaletea watu kazi ya Kizungu iliyokuja na misheni. Ni kweli kwamba wengi wa mama zetu waliifunzwa katika shule za wasichana na katika vyama vya wanawake, kama vile Maendeleo ya Wanawake iliyoanzishwa Kenya mwaka 1952, ambavyo vilifunza mapishi, ushonaji na ufumaji. Lakini asili ya ufundi huu ni ya mbali zaidi. Miongoni mwa vitu vya kale kabisa vilivyofumwa kwa namna hii ambavyo vimesalia duniani ni soksi za pamba zilizopatikana Misri, za zama za Kiislamu, zilizotiwa rangi ya nili na nyingine zikiwa na maandishi ya Kufi. Katika kaburi la mwana wa mfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275 na kuzikwa Burgos katika nchi ya Hispania, ulikutwa mto wa hariri uliofumwa kwa vitanzi vyembamba mno, nao pembezoni mwake umeandikwa kwa Kiarabu maneno ya kuomba baraka. Ufundi uliovuka bahari na dini namna hiyo hauna kabila linaloweza kuudai kuwa ni wa kwake peke yake.

Najua nitaulizwa kwa insafu: kwa nini mtu ajitaabishe wiki nyingi, ilhali sokoni yako mablanketi ya kiwandani, mepesi, yenye picha za wanyama, kwa bei iliyo chini ya bei ya uzi? Swali hili si jipya. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa na William Lee wa Uingereza mwaka 1589, na tangu hapo mashine imefuma upesi kuliko mkono. Kama upesi ungekuwa ndio hoja ya mwisho, sindano zingekwisha kutupwa zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Sikatai kwamba blanketi la dukani humfunika mtoto, na asiye na kingine na alinunue bila ya kuona haya. Lakini hadia ina kazi mbili, kumfaa apewaye na kumwunganisha na ampaye, na hiyo kazi ya pili haiuzwi dukani. Mama anayejua kwamba shemeji yake alianza kumfumia mtoto mimba ikiwa ya miezi mitano, akamfikiri kila jioni kabla hajamwona, amepewa habari ambayo barua haiwezi kuieleza kwa ukamilifu: kwamba mtoto wake alikuwa akingojewa. Na mama wa uzazi wa kwanza, aliye na hofu ya uchungu na tashwishi ya malezi, aihitaji habari hiyo kuliko aihitajivyo fahari.

Nami nachukia katika hadia za siku hizi hasa hiyo ria. Vyama vya akina mama hukutana kumtunza mwenzao, jambo la kheri, kisha zawadi zikafunguliwa mbele ya watu na kila moja ikapimwa kwa macho. Asiye na uwezo akakopa ili asiaibike, au akajifanya mgonjwa asihudhurie, na kwa njia hiyo ada iliyowekwa kuwakusanya watu ikawatenga. Blanketi la mkono huondoa mashindano hayo, kwani tajiri na maskini wakiketi kulifuma hutoa kitu kimoja, nacho ni saa za uhai wao. Ndiyo sababu nasisitiza liwe sahali. Shali ya matundu yenye maua magumu, ambayo mfumaji ameikamilisha kwa majivuno, huhifadhiwa sandukuni pamoja na nondo, ikatolewa siku ya wageni. Bali blanketi la vyumba vya mraba, lenye rangi ya maziwa au kijani kilichofifia, lisilo na upande wa nje wala wa ndani, hutumika, likatapikiwa, likafuliwa, likaanikwa na kutumika tena, na likipita kwa mdogo wake mtoto hakuna aonaye kwamba amepewa makombo. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao, na blanketi hili ni katika mambo ya kudumu.

Yabaki ya kufanywa. Zamani somo la sayansi kimu liliwapa wasichana wengi wa Tanzania sindano ya kwanza, na walioipata leo ni bibi na shangazi ambao vidole vyao havijasahau. Hao ndio hazina yetu, na haifai tuwangoje wafe ndipo tuandike tanzia za kuwasifu. Shule ziwaite, hata kwa alasiri moja kwa wiki, wafunze. Nao wafunze wavulana pamoja na wasichana, kwa maana hakuna sheria ya maumbile inayomkataza mwanamume kufuma. Katika kisiwa cha Taquile, nchi ya Peru, wanaume ndio wafumao kofia kwa sindano, na sanaa ya nguo ya kisiwa hicho ilitambuliwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu. Sisi wenyewe, ambao mafundi wetu wa cherehani tangu zamani ni wanaume, hatuna sababu ya kumcheka baba atakayemfumia mwanawe.

Na kwa watu wa nyumbani shauri langu ni fupi. Katika aila yenu akipatikana mja mzito, mtu asingoje kuona wengine watatoa nini. Anunue au afumue uzi wake mimba ikiwa changa, afume vyumba vichache kila jioni, amalize kabla ya mwezi wa tisa, alifue blanketi mara moja kwa sabuni isiyo na manukato, na alipeleke bila ya karatasi ya kung'aa. Asiyejua kufuma na amwendee anayejua, amwombe kwa adabu. Na anayejua asikatae kwa udhuru wa shughuli, kwa kuwa vitanzi viwili hufunzwa kwa kikao kimoja, na faida yake atakayeipata kwanza ni mtoto ambaye bado hana ulimi wa kumshukuru yeyote.